Falonne Asema Ananiamini, Kunijua Bado

Mupendwa mushauri Mama Victorine, naomba unisaidie mbele kichwa kipasuke, miye naitwa Jephté, nilitoka Kindu, nafundisha philo, ni kusema falsafa, mu sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Bulengera, na fiancée yangu Falonne, muchumba wangu, anashona nguo, na kila leçon, kila somo, mbele niipeleke ku batoto, ninaijaribisha kwake, yeye anakanyanga mashini miye naelezea, basi mwezi ulipita ilikuwa leçon ya kujua na kuamini, nikamwambia mutu asiseme anajua kitu kama hana preuve, kitu ya kuhakikisha, aseme tu anaamini, akasimamisha mashini, akasema ile ni kitu ya maana sana, na miye nikafurahi bure.

Juu juma ya nyuma jamaa yangu ilileta mbuzi za mali ya ndoa, na baba yake mudogo Muyisa akasimama mbele ya batu bote akamuuliza vile desturi inaomba: «Falonne, huyu mwanaume unamujua, tukule mbuzi zake?» Mabinti bote banajibu ndiyo na bamama banapiga vigelegele, mais Falonne wangu akafikiri, akafikiri tena, akasema: «Baba, naamini ni mutu muzuri. Kujua, hapana. Ningali natafuta preuve.»

Baba mudogo akasema mbuzi ya mutu hajulikane haiingie mu parcelle, mu kiwanja ya nyumba yake, baba yangu akasema mbuzi yenye imetoka hairudi, donc mbuzi ziko mu barabara katikati ya jamaa mbili, zinakula mashu, zile kabichi ya jirani, Mama Adèle, na Falonne anazunguka na daftari, ameuliza mwenye nyumba yangu kama nakoroma, amenipima kichwa na mètre yake ya kupimia nguo akasema ile angalau anajua, na miye sijamuficha kitu, isipokuwa tu hajui kama nilisomea agronomie, mambo ya kulima, philo nilipewa juu mwalimu wake alihama, nasoma kurasa mbili asubuyi kisha nafundisha. Mama, hanipendi tena? Nimwache?

Jephté, Bulengera

Mama Victorine anajibu:

Jephté, pole, sasa nyamaza unisikie. Umwache juu ya nini? Ulimufundisha, akashika leçon kuliko batoto bote ya sixième, leo unalia. Miye pia niliulizwa ile swali. Niliitika mbio juu jua ilikuwa kali na viatu ilikuwa inanifinya, na bwana yangu nilianza kumujua ku mwaka wa saba.

Na ile kitu umeiweka ku mwisho wa barua kama mufupa chini ya sahani, ulifikiri sitaiona? Falonne ameulizia kila kitu, kitu moja tu hakuiombea preuve: ile leçon yenyewe. Aliiamini juu ni weye uliisema. Hayo ni mapendo, mujinga weye, na weye unamuficha agronomie.

Kesho enda, simama mbele ya mashini, mwambie: miye ni agronome, philo naisoma asubuyi. Usiongeze maelezo. Atakasirika, vumilia. Atauliza mambo mingi, jibu yote, hata ya kukoroma. Kisha umwombe baba Muyisa aulize tena mbele ya batu. Falonne akisema anakujua, itakuwa kweli. Na akikukataa, atakuwa amekukataa weye, hapana mutu mwengine.

Mais leo hii, mbele ya yote, toa zile mbuzi mu mashu ya Mama Adèle. Kwamba mbuzi inakula shu, ile agronome anapaswa kuijua, hapana kuiamini tu.