Upande wa Bibi Harusi

Märsta, 11 Oktoba 2009

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje huko Louisville, na masikio yanasemaje? Kile kifaa ulichopewa hospitali bado kinapiga mluzi kanisani? Sisi hatujambo. Térence ana mafua, lakini ni mafua ya hapa tu, kila mtu anayo. Anakusalimu. Naandika hivyo kwa sababu nilipomwambia nakuandikia, aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho kwenye kompyuta.

Uliniagiza nikueleze tunavyoishi. Tunakaa ghorofa ya tatu, karibu na uwanja wa ndege. Térence hutoka giza kwenda kwenye ghala la mizigo na hurudi giza. Kampuni imempa gari, simu na cheo. Mimi nimepata kadi inayosema ni mke wake. Asubuhi nakwenda darasa la Kiswidi, mchana nakaa maktaba. Digrii yangu ya kemia bado iko kwenye bahasha. Juzi niligundua kwamba naweza kumaliza wiki nzima bila mtu kutaja jina langu, isipokuwa mwalimu anapoita mahudhurio.

Jumapili tunapanda treni hadi mjini, kisha ile ya chini ya ardhi mpaka Vårby gård, ambako Warundi na Wanyarwanda husali pamoja. Siku ya kwanza mama mmoja anayeitwa Médiatrice alipaza sauti mlangoni: "Jamani, Wamarekani wamefika! Wapeni viti vipana, ndivyo walivyozoea!" Watu walicheka, Térence akacheka kuliko wote. Wakati wa chai nilimwambia Médiatrice kwamba nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, kama yeye. Akasema, "Najua, mdogo wangu. Lakini sisi tulifika huku tukikimbia. Ninyi mmeletwa na kampuni. Mkichoka mnarudi."

Hakusema kwa ubaya. Lakini kwenye treni nilimtazama Térence amelala, mdomo wazi, nikajiona kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha abiria mwingine.

Mkataba wake unakwisha Juni, kisha tunarudi Louisville. Ndivyo tulivyokubaliana. Kila nikiamka najikumbusha hilo kabla sijafungua macho.

Mkwe wako,
Colombe


Louisville, Kentucky, 8 Novemba 2009

Colombe mkwe wangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika, tena yana haki. Kifaa bado kinapiga mluzi. Mchungaji akifika kwenye dhambi tu, kinaanza. Mwanangu Jimmy anasema ni betri, mimi nasema ni mahubiri. Ndiyo maana nawakataza kunipigia simu, nasikia upepo mtupu. Niandikie. Mwambie na huyo mwanangu kwamba nimeuliza kama mikono yake bado iko miwili.

Sasa nikugombeze kidogo. Unakaa kwenye jengo lenye milango yote hiyo, halafu unasema huna wa kuongea naye? Kaanga sambusa, upeleke. Bibi yako, ndugu pekee uliyebaki naye, alipofariki, ulikuja kwangu hujui la kusema. Nilikupa vitunguu umenye. Ulimenya mfuko mzima bila neno, na jioni, ulipokuwa unaondoka, ukaniita mama. Hapo Térence alikuwa bado hajakuona, alikuwa anaangalia mpira.

Kwa hiyo usiniambie hujui kuanza.

Mama Térence


Märsta, 17 Januari 2010

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Nimesikia kwa Jimmy kwamba mmepata barafu hata ninyi. Hapa jua linachungulia saa sita mchana, likiona hakuna linachokosa, linaondoka.

Nilikaanga sambusa. Nilimpelekea mama wa chini, Bi Gunvor. Alifungua mlango ukiwa bado na mnyororo, akaitazama sahani, akanitazama, akauliza, "Kuna kilichoharibika?" Nikasema hapana, ni chakula tu. "Mimi?" akasema. "Kwa nini?" Sikuwa na Kiswidi cha kutosha kujibu swali hilo, wala sijui kama ningelijibu kwa Kiswahili. Kesho yake nikaikuta sahani imening'inizwa kwenye kitasa changu ndani ya mfuko, imeoshwa, na kikaratasi: Asante, zilikuwa nzuri sana. Hakubisha hodi. Tukikutana kwenye ngazi anatabasamu na kuongeza mwendo.

Mwezi wa kumi na moja mkubwa wa Térence alitualika kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani pamoja na Wamarekani wengine wa kampuni. Walizungumza wanavyokosa siagi ya karanga, na mtu wa dukani asiyekujua anayekuuliza u hali gani. Nilitaka kulia, Mama, kwa sababu na mimi ndivyo vitu ninavyokosa. Ndipo mke wa mkubwa akanishika mkono, akasema, "Kiingereza chako kizuri mno, ulijifunzia wapi?" Nikamwambia, Kentucky. Akacheka, akadhani ni utani.

Lakini si hayo yaliyonifanya nichukue kalamu. Térence ameongeza mkataba. Miaka miwili. Nililisikia kwa huyo huyo mke wa mkubwa, kwenye simu, akinipongeza. Nilipomwuliza Térence alisema, "Nilikuwa nasubiri wakati mzuri wa kukuambia." Nikamwambia miaka miwili mingine hapa nitasahau sauti yangu. Akasema, "Nakuelewa," akaenda kuoga. Tangu siku hiyo tunaishi kwa adabu kubwa. Tunapishana jikoni tukiombana radhi.

Mkwe wako,
Colombe


Louisville, 2 Februari 2010

Colombe,

Nimesoma, nikaisoma tena kesho yake. Sitakuuliza hali.

Usinyamaze. Namjua niliyemzaa: ukimnyamazia anadhani umekubali. Alipokuwa mdogo nilinuna siku nzima ili ajue amekosa, jioni akaniambia, "Mama, leo nyumba ilikuwa tulivu vizuri." Mwambie kwa maneno, mkiwa mmekaa, televisheni imezimwa.

Nimemwandikia na yeye. Hajajibu.

Mama Térence


Fisksätra, 12 Aprili 2010

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na umeanza kulima bustani yako. Utaona nimeandika mahali pengine hapo juu.

Nimeondoka. Nilimwambia kwa maneno, kama ulivyosema, mara nyingi, na kila mara alisema ananielewa. Kwa hiyo nimefanya kama wanawake wa kwetu wanavyofanya. Niliosha vyombo, nikafagia, nikachukua begi dogo, nguo nyingine nikaziacha kabatini, na funguo nikaziweka mezani. Sikuvunja kitu. Nimekuja kwa Médiatrice, yule mama wa kanisani. Amenipa chumba cha binti yake aliyehamia Uppsala.

Kambini nilimwona jirani yetu akirudi kwao hivyo hivyo. Baadaye wazee wa upande wa mume wakaja na kreti za soda, maana bia ilikatazwa. Walizungumza habari za mvua, za mgao wa mahindi, za kila kitu, na mwisho mmoja akasema: tumekuja kumchukua mke wetu. Wa upande wa mke wakamweleza mume makosa yake mbele ya watu. Hakuna aliyedhani ndoa imekufa. Mke alikuwa amesema tu, kwa miguu, kile ambacho mdomo wake ulishindwa kukifikisha.

Basi nami nasubiri. Térence ametuma ujumbe mmoja: "Chukua muda wako wote. Naheshimu uamuzi wako." Uamuzi upi, Mama? Médiatrice aliusoma akapiga makofi: "Sasa huyu ni mume au ni ofisi?" Kisha akanionea huruma. "Lakini mdogo wangu, unamngoja nani? Upande wa mume wako uko Amerika."

Dirisha langu linatazama kituo cha treni. Kila inaposimama naangalia wanaoshuka, hadi mlango unafungwa. Wote wana watu wa kwenda kuwaona, au wanatembea kama walio nao.

Naona aibu kumwandikia haya mama wa mume, lakini sina mwingine wa kumwandikia. Je, utamtuma mtu? Je, ungeweza kuja wewe? Kama hakuna atakayekuja, basi sina mume tena, na hilo nitajifunza kuishi nalo. Linaloniamsha usiku ni kwamba sijui kama wakati huo bado nitakuwa na ruhusa ya kukuandikia.

Mkwe wako,
Colombe


Louisville, 9 Mei 2010

Colombe,

Barua yako ilifika jana. Jimmy anasema ndege za Ulaya zilizuiwa na majivu ya mlima unaowaka. Muda wote huo wewe uko dirishani, na mimi niko nyuma ya nyumba napanda maharage, sina habari. Niwie radhi.

Nimempigia Térence. Ndiyo, simu. Nilimweka Jimmy kwenye kiti, mimi nikawa nauliza, yeye akawa ananiandikia kwenye karatasi majibu ya kaka yake. La kwanza: "Aliondoka, Mama. Aliacha funguo. Mtu akiacha funguo amemaliza kusema."

Nikamwuliza: makoti yake yako wapi?

Jimmy akaandika: "Kabatini."

Nikamwambia: wewe mtoto, mwanamke anayekuacha anakuachia makoti yake katika nchi ya theluji?

Jimmy akaandika: "Amenyamaza." Kisha: "Bado." Kisha: "Anasema hakujua. Alidhani kumfuata ni kumlazimisha." Kisha akaweka kalamu chini, nikajua kaka yake analia na yeye hataki kuliandika hilo.

Colombe, alifika Kentucky mdogo. Hajawahi kukaa na wazee wakizungumza juu ya mvua. Nilimfundisha kusema tafadhali na asante na kuwaacha watu na mambo yao, ili asiletewe polisi. Hilo la mwisho nilimfundisha vizuri kupita kiasi. Lakini mkataba aliutia sahihi akiwa mtu mzima, sitamtetea.

Sasa swali lako. Sitakuja kukuchukua. Soma mpaka mwisho kabla hujalia.

Wanaokwenda kumchukua mke ni upande wa mume. Siku ya harusi yenu mchungaji aliuliza nani anamtoa binti huyu, nikasimama mimi. Watu wakacheka, wakadhani ni masikio yangu. Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Asubuhi ile nilimwomba wifi yangu Leokadia awe mama wa Térence mpaka jioni, naye akavaa kitambaa changu akakaa upande ule. Wewe ulikuwa umeinamisha uso, hukuona. Sikukueleza kwa sababu nilidhani unajua.

Kwa hiyo ulifanya kila kitu sawasawa, ila ulikosea nyumba. Mwanamke akiondoka kwa mumewe haendi Fisksätra. Anakwenda kwao. Njoo ukae, ule, uongee mpaka unichoshe. Térence akimtaka mke wake, atafute wazee wa kumsemea na abishe hodi. Nitafungua mimi. Nitamwuliza: mgeni, umetoka wapi?

Mama yako,
Spéciose


Fisksätra, 6 Juni 2010

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako kwa siku kadhaa bila kujibu, siyo kwa sababu ya ugonjwa wala hasira. Nilikuwa naitoa kwenye bahasha na kuirudisha. Habari za maharage? Jimmy mwambie asante kwa mkono wake.

Térence alikuja Jumamosi. Médiatrice ndiye aliyefungua, na hakumpisha. Térence alikuwa amevaa koti la kazini lenye nembo ya kampuni, amebeba kreti ya soda. Nadhani ulimwambia habari ya soda.

"Karibu," Médiatrice akasema. "Umekuja na nani?"

"Na gari."

"Nimeuliza na nani."

"Peke yangu, dada."

"Mwanamume hajiombei mke mwenyewe, baba. Nani anakusemea? Hiyo kreti?"

Akanitazama juu ya bega la Médiatrice. Amekonda, Mama. Akasema, "Colombe, nisamehe. Twende nyumbani."

Nitakuambia ukweli: nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja kwenye kila treni. Lakini nilimwuliza, "Nyumbani wapi?" naye akajibu bila kufikiri, "Märsta." Nikaona ngazi zile, sahani kwenye kitasa, na sisi wawili tukiombana radhi jikoni kwa miaka miwili. Nilitaka aje. Sikuwa nimewahi kujiuliza akija anipeleke wapi.

Nikamwambia, "Nakwenda kwetu. Ukinihitaji, njoo huko na watu."

"Kwenu ni wapi?" Aliuliza kwa upole kabisa. Hakuwa ananidharau, alikuwa hajui.

"Kwa Mama."

"Mama yupi?"

Nilimwona anaelewa, taratibu, kama mtu anayesoma lugha aliyoisahau. Aliweka kreti chini, akaikalia hapo hapo kwenye ngazi. Kisha akauliza, "Na mimi nikija, Colombe, nitafikia wapi?"

Térence aliinuka, akaondoka. Soda ziko hapa, hakuna anayezigusa.

Nitapanda ndege wiki ijayo, Jimmy anajua saa. Siji kwa furaha, usinitengenezee sherehe. Nampenda, na sijui kama atapata wazee, au kama atatafuta. Naogopa asije. Naogopa pia aje upesi mno, kabla sijamaliza kusema yangu.

Nina ombi moja. Usinitandikie chumba cha Térence, kile tulichokuwa tunalala tukija. Nipe popote pengine, hata sebuleni.

Mwanao,
Colombe