Makaroni Baridi Siku ya Posa

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Nimejaribu kukaa, nimeshindwa. Karatasi iko juu ya meza ya jikoni katikati ya nyanya na vitunguu, na kila nikimaliza mistari miwili naenda mlangoni kuchungulia barabara ya Kabati. Wageni bado. Jua limeshapanda, lile jua letu la Februari linalowafanya kuku wajifiche chini ya ghala, na mimi nimeosha tena vikombe vilivyokuwa safi.

Leo wanakuja kumposa Kalekye. Ndiyo, yule niliyempa jina lako. Tangu azaliwe namwita mama, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo usicheke nikikwambia kwamba leo watu wanakuja kumposa mama yangu, na roho yangu haina pa kukaa.

Na nimepika makaroni. Yale yako, ya baridi.

Kalekye hataki. "Mum, si tupike tu wali na nyama? Hawa watu hawajatuzoea." Ananifuata nyuma nyuma na nguo yake mpya, ananitazama kama vile mimi ni mtoto aliyeshika kiberiti. Nimemwambia nyama ipo, wali upo, atulie. Hatulii. Amenirithi mimi, nami nimekurithi wewe.

Unakumbuka Emali? Ulikuwa ukimpikia yule Mwitaliano aliyekuja kutengeneza barabara, na kwa kuwa joto la saa sita lilimfanya akatae chochote chenye moshi, akakufundisha chakula cha kwao cha kiangazi. Makaroni yachemshwe, yasilainike sana. Yasuuzwe kwa maji baridi. Nyanya, kitunguu saumu, limau, mafuta. Halafu majani mabichi: dhania, majani ya vitunguu, na mrehani kwa wingi, ule uliouotesha mlangoni kwenye mkebe wa mafuta kwa mbegu alizokupa. Nilipochukua kisu ulinipiga kofi dogo mkononi. "Hapana kukata. Chana na vidole."

Majirani walituona wendawazimu. Mrehani unanukia kama yale majani ya porini tunayotia kwenye maharagwe kufukuza wadudu. Nani anakula dawa ya wadudu? Na maji! Watu wanafukua mchanga wa mto kutafuta maji, wewe unayamwaga juu ya makaroni. Hawakuona kwamba uliyakinga kwenye beseni, ukaoshea vyombo, yaliyobaki ukamwagilia mrehani. Kisha bakuli ukalizika nusu kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi, ukalifunika kwa kitambaa kilicholowa. Tulipokuwa tukingoja yapoe, uliimba. Hukuwa mtu wa kuimba, mwaitu. Uliimba siku za makaroni tu.

Ndiyo maana watu wa Musyoka walipokuja kuniposa, uliwapikia kile ulichokipenda kuliko vyote.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mbuzi wao walikuwa wamefungwa uani, watu wamecheka vizuri, na wewe ukalibeba bakuli mwenyewe ukaliweka katikati. Mama yake Musyoka akaligusa kwa mgongo wa mkono. "Aiya! Hii imelala. Kwani sisi tumepewa chakula ya jana?"

Wajomba zangu wakatazama chini. Mzee mmoja wa upande wao akaanza kutafuta kofia yake. Mgeni kwetu hupewa chakula kinachotoa moshi. Cha baridi kinamwambia hakutarajiwa. Ulijua hivyo kama wao, ila mapenzi yako kwa makaroni yale yalikusahaulisha.

Nikangoja ufungue mdomo. Wewe uliyegombana na naibu wa chifu mbele za watu kwa sababu ya foleni ya maji, mpaka akaondoka na baiskeli yake akiikokota! Lakini ulisema tu, "Mnisamehe, nimesahau kuipasha." Ukarudi jikoni, ukamimina yote kwenye sufuria, ukawasha moto mbele yangu. Majani yakawa meusi. Harufu ya limau ikakimbia. Makaroni yakavurugika kama uji, na wao wakala, wakafuta sahani. Mama mkwe akasema, "Sasa hii ni chakula."

Kesho yake nilikuuliza kwa nini. Ulikuwa ukichagua pojo, hukuinua hata kichwa. "Makaroni haiolewi. Wewe ndiye unaolewa."

Nilikukasirikia. Nilikasirika kwa sababu uliomba msamaha bila kosa, na kwa sababu hukuyapika tena mpaka tukakuzika. Mkebe ulikaukia mlangoni. Ndoa ilikuwa nzuri, Musyoka ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonichosha zaidi: hasira yangu haikuwa na la kulalamikia.

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Ni mama mkwe, bibi yake Kalekye, anayemwita Susu. Siku hizi anakaa nasi, macho yamefifia, amekuja akipapasa ukuta. "Unapika nini inanuka kama ghala ya maharagwe?" Nilisimama kati yake na bakuli, mtu mzima mimi! Akanyoosha mkono, "Lete." Nikampa kijiko. Alitafuna polepole na meno yake machache, mimi nikishikilia ukingo wa meza.

"Kumbe ilikuwa hivi," akasema. "Mimi sikuonja. Nilishika bakuli tu."

Hakuomba radhi, si mtu wa hayo. Aliomba sahani, akaenda nayo kibarazani. Nami nilitaka nikuite, mwaitu, kana kwamba uko shambani utanisikia.

Halafu Kalekye akapiga kelele, "Wamefika!" Wengi kuliko nilivyodhani, wazee wenye fimbo, na mama wa kijana mbele, mrefu, hacheki. Nikamtazama binti yangu anavyojipangusa viganja kwenye nguo mpya. Niliposhtuka, sufuria iko mkononi mwangu na kiberiti kimeshawaka, tayari kuyapasha makaroni. Miaka yote hii ya kukulaumu, na kumbe siku ile hata wewe hukupata kufikiria. Mkono ulienda wenyewe.

Kalekye akakipuliza kiberiti. "Mum, wacha. Susu mwenyewe amekula." Akalinyanyua bakuli lenye mchanga mbichi chini yake, akatoka nalo.

Sasa niko nyuma ya mlango wa jikoni, nimeiegemeza karatasi kwenye ubao, naandika vibaya. Bakuli limewekwa. Mzee mmoja anakwaruza fimbo sakafuni, kama yule aliyetafuta kofia yake. Sauti ya mwanamke inauliza kitu kwa chini, sijasikia vizuri, ila neno baridi nimelisikia.

Na huyu ni mama mkwe wangu, kwa sauti ile ile ya siku ile: "Hii hawapashangi. Ukipasha unaiua. Kuleni."

Nasikia vijiko, mwaitu. Pumzika. Sikudai tena.

Ni mimi binti yako,
mama yake Kalekye