Mafuta ya Alizeti kwa Mayai ya Bata

Jumatatu, 13 Januari
Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba ulifunge hapa hapa. Usimsomee mtu. Zaidi ya wote, usimpe Yusta.

Nimefagia kinyesi cha bata tangu asubuhi. Bata bukini wamelijaza bwawa la bustani. Nyasi zimeisha, watoto wanadonolewa, watu hawatandiki tena mikeka. Makarani wa majaribio tuko wawili, mimi na Yusta. Nafasi ya kudumu ni moja. Atakayepunguza bata ndiye atakayebaki.

Mimi niliondoa mayai viotani. Wametaga mengine. Leo Yusta ameleta njia yake: kuyapaka mayai mafuta ya alizeti. Yai halianguliwi, bata anaendelea kulalia, hatagi tena. Mama Chilewa, msimamizi wetu, amefurahi. "Yusta mwanangu, umetuokoa." Mimi hajawahi kuniita mwanangu.

Alhamisi, 16 Januari
Mmoja anamzuia bata kwa ufagio, mwingine anapaka. Yai lililopakwa linawekwa alama ya mkaa, lisirudiwe. Bata wanamzomea Yusta, anawajibu kwa Kigogo, wafagiaji hoi kwa kicheko. Mimi bata akifungua mbawa nakimbia.

"Dada Rehema, huyo bata au simba?" wakaniuliza wafagiaji.

Yusta naye alicheka. Namchukia.

Ijumaa, 17 Januari
Nimemtangulia Yusta kazini. Kiota kiko nyuma ya tangi la maji, upande wa Yusta; bwawa tumegawana. Bata alikuwa amelalia. Nilimsukuma kwa ufagio, nikachora mkaa kwenye mayai yote. Mafuta sikupaka.

Baadaye Yusta akaja, akaona alama, akapita. "Asante, umenipunguzia kazi."

Naogopa. Lakini nimefurahi.

Jumanne, 11 Februari
Wameanguliwa. Vifaranga wanane nyuma ya mama yao, mbele ya Mama Chilewa na wageni wake. Viota vingine vyote kimya.

Mama Chilewa akauliza ule ni upande wa nani. Yusta akanitazama. Amekumbuka.

"Wangu, mama," akasema Yusta. "Nilipitiwa."

Baadaye, ndani ya stoo, Yusta akaninong'oneza: "Ulisahau mafuta, eh? Tulia, shoga. Ulivyo mwoga, Mama angekusema ungezimia."

Anadhani nilisahau. Hata wema anao yeye. Huo nao nauonea wivu.

Jumatano, 12 Februari
Nafasi ni yangu. Nitasaini Ijumaa. "Wewe angalau uko makini," amesema Mama Chilewa. Mwanangu hakusema.

Yusta amenipongeza kwa zabibu. Tamu sana. Zangu nimewatupia bata.

Ijumaa, 14 Februari
Sikusaini. Nimemwambia Mama Chilewa ukweli, kisha Yusta. Mama hakupaza sauti. Ameomba ufunguo wa stoo tu.

Yusta alinisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Kumbe ukitaka, bata humwogopi." Akaenda zake.

Jumapili, 16 Februari
Mvua. Yusta amekuja hadi kwetu Mkonze kuniletea mwavuli nilioacha ofisini. Hakutaka kuingia. Alikaa barazani mpaka mvua ikakatika. Mwavuli ameuacha.

Daftari hili likipotea, usinitafute ofisini, siko. Mpe Yusta, karani wa bustani yenye bwawa. Anapajua kwetu.