Sarafu ya Kirumi Niliyoipika kwa Ukwaju

Jumatatu, mwezi wa pili, mwaka wa tatu wa uhuru. Antanimasaja, Mahajanga. Mvua tangu alfajiri na barazani hakuna mtu, basi nitaandika. Naandika kwa Kiswahili cha bibi yangu kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayekisoma, na haya sitaki yasomwe.

Jana nilirudi kutoka Nosy Be. Mtaa mzima unajua nimerudi na kopo la sarafu za Kirumi. Mtaa unajua pia jinsi nilivyoisoma ile niliyopewa kama mtihani kwa pumzi moja, Mamzeli mwenye kopo akasimama kunipigia makofi.

Hakusimama.

Mimi kazi yangu ni kununua samani za Wafaransa wanaorudi kwao. Mwezi uliopita nilikwenda Hell-Ville, mji wa Nosy Be, kutazama kabati la Mamzeli, mwalimu mzee ambaye hakuolewa. Juu ya kabati palikuwa na kopo la biskuti, limejaa sarafu za marehemu baba yake. Nikasema, maana mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa, kwamba sarafu za kale mimi nazisoma kama barua. Kwamba watu wa forodha wakikwama huniita mimi. Shule yangu yote ni chuo cha Kurani na miaka miwili ya Kifaransa.

Akanipa moja ya shaba, imevaa ukijani kama mwani. "Nenda nayo, Bwana Abdu. Ukinisomea hii, kopo zima lako. Ukishindwa naondoka nalo, na meli yangu ni mwezi ujao."

Mikononi mwangu yamepita makabati, vitanda na saa za ukutani, wala sikutamani kubaki na kimoja. Kopo lile nililitamani.

Niliazima kioo cha kukuzia cha fundi saa, nikanakili maandishi ya upande mmoja kwenye daftari hili hili. Nilianzia kulia nikaenda kushoto, kama mkono wangu ulivyofundishwa chuoni. Pasiposomeka niliweka nukta. Katikati likatokea TILIM. Siku ileile, barazani, Tilimu akawa sultani wa Kituruki mwenye wake tisini.

Ila upande wa pili sultani wangu hakuwa na kilemba. Alikuwa na taji la miiba kama mgongo wa samaki. Nikaona kosa ni la uchafu. Basi nikafanya wanavyofanya wanawake wetu maulidi yakikaribia, wanapong'arisha masinia ya shaba: ukwaju, jivu, na kusugua. Mimi nikaongeza moto.

"Baba Saidi, unapika nini kwenye sufuria yangu?" akauliza mke wangu, Echati.

"Historia."

"Basi usinimalizie ukwaju, nina samaki."

Ikatoka inang'aa kama kifungo cha polisi. Na kweli ilikuwa kifungo. Herufi zote zilikuwa zimekaa ndani ya ule ukijani, na ukijani umebaki sufuriani. Niliuchuja mchuzi ule kwa vidole, mtu mzima mimi, natafuta herufi.

Melini, nikirudi kwa Mamzeli, nilitunga hadithi nne za kumwambia. Ya nne ilikuwa nzuri sana, ina papa ndani yake.

Mamzeli akaipokea, akaigeuza pande zote mbili. Nyumba ilikuwa tupu, masanduku yamefungwa kamba, harufu ya mlangilangi inaingia dirishani. Papa wangu akagoma kutoka.

"Nimeipika kwa ukwaju," nikasema. "Na kuisoma sikuweza. Nilinakili tu, kabla ya kuipika." Nikampa daftari.

Alilitazama sana. Kisha akachukua kalamu yake nyekundu, akaanzia mwisho wa mstari wangu akirudi nyuma, herufi moja moja: FID.S MILIT.M. Nukta mbili akazijaza, E na V.

"Uaminifu wa askari," akasema. "Unaanza chini kushoto, unazunguka kama mshale wa saa. Lakini hizi nukta. Kwa nini hukubuni herufi?"

Nikamweleza kwamba chuoni tulinakili ubaoni hata tusichokielewa. Ukiongeza herufi, fimbo. Ukipunguza, fimbo. "Mdomo wangu ulitoroka chuo, Mamzeli. Mkono ulihitimu."

Hapo ndipo alipocheka. Akalisukuma kopo kwangu.

"Hukuisoma, Bwana Abdu. Ila sasa maandishi ya sarafu hii yamebaki kwenye daftari lako tu. Chukua kopo. Na ukwaju ni wa samaki."

Mvua ikikatika nitatoka barazani, na nitasema tena kwamba alisimama. Najijua.

Asubuhi hii nimetoa ya pili koponi. Nimeiosha kwa maji matupu, nikaanzia chini kushoto. Ina mwanamke ameshika tawi. Nimeikazia macho mpaka yakatoa machozi.

Zinaonekana herufi tatu tu. Nimeandika tatu.