Kidole Nilichokinyima Wino

Baba Isiko,

Viazi viko kwenye sufuria, nimevifunika. Mbuzi mpe maji. Nimeenda Jinja mjini kwa yule wakili mwanamke wa redioni. Leo anasikiliza watu bure.

Asubuhi mnunuzi alipotoa wino ulimwambia, "Huyu hajasoma, ataweka kidole tu." Mkacheka. Mimi niliona haya, nikasingizia chai inachemka ili nisiweke kidole. Lakini nikipanga vikombe niliisoma ile karatasi yake ya mauzo pale mezani. Uliniambia tunauza shamba la chini peke yake. Mbona imeandikwa "pamoja na nyumba"? Ulijua, au na wewe hukusoma?

Wakili alisema redioni kwamba ardhi ambayo familia inakaa haiuzwi mpaka mke akubali. Nataka kumwuliza: na mke akikubali bila kujua anakubali nini, hiyo ni kukubali?

Karatasi aliyotuachia mnunuzi nimeibeba. Akirudi, mpe chai, usimpe sahihi. Nitarudi saa kumi. Hapana, hiyo nimeikata: nitarudi nikishajibiwa.

Nyumba ikiondolewa kwenye karatasi, wino wake aubebe mwenyewe. Mimi nitaomba kalamu, niandike jina langu.

Mke wako,
Nangobi
(nimeandika mwenyewe)