Nyumba Nne Ndani ya Godauni Yako

Baba,

Tangu tukuzike kule Meru, nyumba yako ya mawe hapa Isiolo haijapata kupumzika. Najua utafurahi.

Ulipoinunua kwa yule Mwarabu ilikuwa duka la ngozi. Ukaweka meza barazani, ikawa hoteli ya chai, lakini godauni ya nyuma iliendelea kunuka. "Huku hata panya anaziba pua," ulikuwa ukisema, na wateja wanacheka mpaka chai inamwagika. Hoteli naiendesha mimi. Kwa sababu ya vita na kafyu ya usiku, chai ya jioni tunainywa alasiri, na kila mteja anajifanya ameamua mwenyewe.

Sasa sikia. Jeshi lilitangaza kwamba jengo lolote la mjini lisilokaliwa na mtu litafanywa stoo yao. Afande mmoja akaiona godauni tupu, akasema atarudi Ijumaa kuchukua ufunguo. Nikajua: wakishaingia nyuma, na mbele pia imeenda.

Kabla ya Ijumaa akafika Mama Guyo, yule Mborana wa Merti aliyekuwa akituletea maziwa. Ng'ombe wao wote wamechukuliwa na jeshi. Alikuja na wanawake wenzake watatu, watoto, na punda waliobeba nyumba zao: fito na mikeka. Nikawapa godauni. Wakakataa kulala chini ya mabati matupu, ati yanapiga kelele kama watu wanaogombana. Wakasimamisha nyumba zao humo humo ndani, kila mama na yake. Na kwao, Baba, nyumba ni ya mwanamke. Mgeni haingii mpaka akaribishwe.

Ijumaa afande akasukuma mlango, akasimama.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mama Guyo. "Ni mimi," akasema wa pili, na wa tatu, na wa nne, kila mmoja mlangoni pake.

"Wewe ni mgeni wa nani?" Mama Guyo akamuuliza.

Afande akanigeukia. Nikamwambia mimi ni wa chai tu.

"Nimetumwa kuchukua stoo," akawaambia askari wake, "si kijiji." Wakaondoka.

Jioni hiyo Mama Guyo alinikaribisha kwake. Niliinama nikaingia, nikapewa buni ya kahawa iliyokaangwa kwa samli, heshima ya mgeni. Mgeni ndani ya godauni ya baba yangu! Sijawahi kuionea fahari nyumba hii kama siku hiyo.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, anayetaka kuwatoa hawa mama ataanza na mimi.

Binti yako,
Karimi