Kiwanda cha Maharagwe

Zacatecas, Novemba

Kaka Eusebio,

Sisi huku wazima, ingawa baridi imewahi mwaka huu. Maharagwe tumeshapura, na mama bado anasema tortilla zangu ni nene kama soli ya kiatu.

Huko Chicago labda umesikia kwamba tunajengewa kiwanda cha kupaki maharagwe. Bwana Leobardo, wakala wa kampuni, alitutangazia nje ya kanisa kuwa vijana watapata kazi na hawatahama tena. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, huku roho ikisita, maana mitambo yao inachimba visima tu. Msingi wa jengo sijauona.

Alipokuja shambani nilimuuliza, "Mtanunua maharagwe gani, meusi au ya manjano?"

"Yoyote tu, dada. Maharagwe ni maharagwe."

"Mnunuzi gani huyo asiyechagua?"

Alicheka, kisha akaniomba nimwoneshe Jicho la Ndama.

Kaka, hilo ni jina tulilokipa kile kisima mimi na wewe tulipokuwa wadogo. Hata mama halijui. Nikamfungulia mbwa, naye akakimbilia gari lake akipiga kelele, "Nusu ya shamba ni ya kaka yako, na tumeshaelewana naye!"

Mama sijamwambia. Usipige simu, atasikia. Panda basi, uje unijibu ukinitazama usoni: umeuza nusu yako, au umewauzia na maji yetu sote?

Dada yako,
Hortensia